Uwanja wa Jangwani: Tuulize kwanza habari za maji

Ndugu msomaji, ukikaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa Kariakoo, iwe Mtaa wa Msimbazi, Twiga au Livingstone, haichukui muda kabla mazungumzo hayajaangukia kwenye uwanja. Klabu ya Young Africans, au Yanga kama tunavyoiita sote, inataka kujenga uwanja wake wa kisasa Jangwani, pale pale palipokuwa na Uwanja wa Kaunda. Wapo wanaosema ujengwe hata kesho. Wapo wanaosema klabu itoke nje ya mji, iende Kigamboni au kwingineko kwenye nafasi, kama watani wao wa jadi Simba walivyokwenda Bunju. Na wapo wakazi wa bonde la Mto Msimbazi, ambao hawaulizwi sana, ingawa wao wanalijua bonde lile kuliko sisi tunaolipita tukiwa tumesimama ndani ya basi la mwendokasi.

Katika kipindi cha juma hili nilijaribu kueleza kwa nini suala hili ni zito kuliko ushabiki, na kwa nini wote wanaobishana wana sehemu ya haki. Walionisikia watanisamehe nikirudia. Kabla sijaendelea niseme pia kwamba timu ninayoipenda sitaitaja hapa. Tulifundishwa hivyo tangu darasani, na mwenye kazi ya redio anayetaka kupita Msimbazi na Twiga siku hiyo hiyo kwa amani ataelewa kwa nini.

Tuanze na asili. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa hapa. Baadaye pakawa mji wa Waafrika, ukitenganishwa na Uhindini kwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Ndani ya mitaa hiyo ndimo zilimozaliwa klabu zetu mbili kubwa, Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, wakati huo ikiwa na majina mengine. Hazikuwa timu za mpira tu. Zilikuwa mahali pa kukutania, kuzikana, kuoana na, baadaye, kuzungumza siasa za uhuru. Ndiyo maana majengo yao mpaka leo yako katikati ya watu: Simba wako Mtaa wa Msimbazi, na Yanga wako kwenye kona ya Twiga na Jangwani. Marehemu Mzee Abeid Amani Karume anakumbukwa kwa msaada wake katika ujenzi wa majengo hayo. Nyuma ya jengo la Yanga likawekwa dimba, likapewa jina la Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia.

Kwa miaka mingi Kaunda ulikuwa uwanja wa mazoezi. Mtu wa Gerezani au Magomeni aliweza kutoka kazini jioni, akatembea kwa miguu, akasimama kando ya mstari na kumwona mshambuliaji wa timu ya Taifa akikimbia hatua 20 tu kutoka alipo, bila kulipa hata senti moja. Vijana wa leo wanaowajua wachezaji kwa picha za kwenye simu wanaweza wasiamini.

Kilichouua uwanja ule ni maji. Mto Msimbazi uko jirani, na kila ulipofurika dimba liligeuka bwawa, kisha likaota magugu. Kuna wakati malori yalimwaga kifusi ili kuunyanyua, lakini mpira haukurudi pale kwa maana halisi. Tangu hapo klabu kubwa kuliko zote nchini zimekuwa wapangaji. Zilicheza Uwanja wa zamani wa Taifa, ambao sasa unaitwa Uhuru, palipopandishwa bendera yetu usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Zikacheza kwenye uwanja mkubwa wa watu 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007 kando yake, ambao mwaka 2020 ulipewa jina la marehemu Benjamin Mkapa. Ule nao ukifungwa kwa matengenezo, zinahama. Yanga walikuwa wakitumia uwanja wa Azam kule Chamazi, na Novemba 2024, baada ya kupoteza mechi mbili, wakahamia uwanja wa KMC, Mwenge. Ukimwuliza mpenzi wa Yanga nyumbani kwao ni wapi, atakwambia Jangwani, na ukimwuliza mechi ijayo inachezwa wapi itabidi kwanza aulizie.

Wazo la kujenga upya Jangwani halikuanza juzi. Mwaka 2013, chini ya uenyekiti wa marehemu Yusuf Manji, klabu ilikuwa katika mazungumzo na kampuni ya Beijing Construction Engineering Group, ile ile iliyojenga uwanja mkubwa wa Taifa. Tukaonyeshwa michoro mizuri. Kikwazo kilikuwa ardhi. Kiwanja cha klabu peke yake hakitoshi, na eneo la ziada lililohitajika liko ndani ya bonde. Baadaye Kigamboni ikatajwa sana, kukawa na habari za viwanja vya huko, wapenzi wakashangilia, kisha kimya. Katika miaka hii ya karibuni uongozi wa Mhandisi Hersi Said umeirudisha Jangwani mezani. Watani wao wamekwisha kuchagua njia nyingine: Novemba 2019 Simba, pamoja na mwekezaji wao Mohammed Dewji, walifungua viwanja vya mazoezi Bunju, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka hapa, kwenye barabara ya Bagamoyo. Uwanja wenyewe wa mashindano, wenye majukwaa, bado haujasimama.

Sasa, kwa nini mtu mwenye akili zake ang'ang'anie bonde lenye matope wakati Bunju na Kigamboni kuna ardhi kavu?

Jibu la kwanza ni miguu. Jangwani inafikika kwa miguu kutoka Kariakoo, Ilala, Magomeni, Kigogo na Upanga. Mabasi ya mwendokasi yanapita mlangoni. Mkazi wa Buguruni anayetaka kwenda Bunju atapanda gari mpaka Mwenge au Makumbusho, atashuka, atapanda la pili, na mechi ikimalizika saa tatu usiku atasimama barabarani akigombea gari na maelfu wenzake. Jumlisha nauli hizo, jumlisha na chakula, uone kama tiketi ya bei nafuu bado ni nafuu. Uwanja wa mbali huchuja watu. Mwenye gari anafika, mlalahoi anabaki kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira.

Wenzetu wameyaona haya. Mwaka 2016 klabu ya West Ham ya London iliacha uwanja wake wa Upton Park, uliokuwa katikati ya nyumba za watu kwa zaidi ya miaka 100, ikaenda kwenye uwanja mkubwa uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki kule Stratford. Haikwenda hata mbali. Lakini maduka ya vyakula na baa za mtaa ule, zilizokuwa zikiishi kwa siku za mechi, zilipoteza wateja wake, na wapo wapenzi wa klabu ambao hadi leo hawajaukubali uwanja mpya. Fikiria mama lishe wa Mtaa wa Twiga, wauza jezi, wauza karanga na kahawa. Kwao uwanja ukiwa Jangwani ni soko, na ukiwa Bunju ni habari ya kusikia redioni.

Jibu la pili ni fedha, na hapa naomba tuvumiliane na hesabu kidogo. Uwanja wa watu 20,000, tiketi ya chini tuseme sh. 5,000, ukijaa unaingiza sh. milioni 100. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo kila klabu inacheza nyumbani mechi 15. Zikijaa zote, jambo ambalo halijapata kutokea kwa klabu yoyote nchini, ni sh. bilioni moja na nusu kwa msimu, na hapo hatujakata kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, askari, umeme na wafagiaji. Sasa chukua mfano tu kwamba uwanja unagharimu sh. bilioni 100. Kwa mapato ya mlangoni pekee utahitaji zaidi ya miaka 66 kurudisha mtaji, na bila riba. Hakuna mfanyabiashara anayeingia kwenye hesabu ya namna hiyo, na wanaofadhili mpira wetu leo ni wafanyabiashara.

Basi faida iko wapi? Iko chini ya majukwaa. Uwanja wa siku hizi ni fremu za maduka, kumbi za harusi na mikutano, maegesho, mabango ya matangazo na migahawa. Na hapo ndipo ardhi ya Jangwani inapokuwa dhahabu, kwa sababu iko ukingoni mwa Kariakoo, soko linalowavuta wafanyabiashara kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, ambako fremu moja ya kuuzia nguo hupanguswa na wapangaji kumi wanaoitaka. Fremu hiyo hiyo ikiwa Bunju, chini ya jukwaa lenye mechi moja kwa majuma mawili, utaipangisha kwa nani? Simsemi mtu vibaya. Nasema tu kwamba anayeutazama mradi wa Jangwani kama mradi wa mpira peke yake anaona nusu. Ni mradi wa biashara ya Kariakoo wenye nyasi katikati, na si dhambi kuwa hivyo, ilimradi isemwe waziwazi.

Wapo wanaouliza kwa nini tusitumie tu uwanja wa Mkapa, ambao uko kilomita chache kutoka hapa na siku nyingi za mwaka uko mtupu. Ni swali zuri. Lakini uwanja ule ni wa Serikali, una shughuli za Taifa, na kwa mechi ya watu 8,000 ni kama kufanyia kitchen party ndani ya Ukumbi wa Diamond Jubilee. Klabu inahitaji nyumba ya saizi yake. Tuliache hilo.

Tuje kwenye maji, maana ndiko kwenye kiini.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Unashuka Kinyerezi, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unafika Jangwani, halafu unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Kila mtaa unaojengwa huko juu, kila paa la bati na kila ua uliosakafiwa kwa saruji, huongeza maji yanayokimbilia mtoni badala ya kuzama ardhini. Maji hayo yanakokota mchanga. Yakifika Jangwani, ambako ardhi ni tambarare, mwendo wake unapungua na mchanga unatua. Mwaka hadi mwaka sakafu ya mto inapanda. Ongeza na bahari: mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, hasa siku za bamvua, mto unakuta mlango wa Salenda umefungwa na maji ya chumvi. Maji hayana pa kwenda ila pembeni. Hapo ndipo Barabara ya Morogoro inapofungwa, mabasi yanapokwama, na jiji linapokatika vipande viwili, upande mmoja Magomeni na upande mwingine Faya.

Bonde basi si ardhi iliyokaa bure. Ni tangi. Mungu alilichimba ili mto upate pa kupumzikia kabla ya kuingia baharini. Ukitaka kujua uwanja unafanya nini ndani ya tangi hilo, chukua ndoo iliyojaa maji nusu, tia ndani yake jiwe, utazame maji yanavyopanda.

Nitatoa hesabu. Dimba lenyewe lina mita 105 kwa 68, lakini ukiongeza majukwaa na njia za kuzunguka, uwanja mdogo wa kisasa unataka tuseme hekta tatu. Ukizijaza kifusi kwa kina cha mita mbili ili mafuriko yasiufikie, umeziba nafasi ya meta za ujazo 60,000. Hizo ni lita milioni 60. Kwa lugha ya nyumbani, ni matangi 60,000 ya plastiki ya lita elfu moja moja, yale tunayoyaweka juu ya paa. Maji hayo hayataacha kuja kwa heshima ya klabu. Yatahamia mahali pengine, na mahali pengine pana majina: Kigogo, Hananasif, Mchikichini, Magomeni Suna. Uwanja utakuwa mkavu, na mpenzi wa klabu hiyo hiyo anayeishi Kigogo ataokoa godoro lake usiku.

Wanaodhani natia chumvi wakumbuke Desemba 2011. Tulikuwa tumetoka kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, hata mapambo hayajashushwa, mvua ikanyesha kwa siku tatu. Zaidi ya watu 40 walikufa jijini. Watu wa bondeni walikaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Yakaja mafuriko ya 2018, yakaja ya 2020, na kila mara watu walikufa. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, mradi wa kisasa ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, ilijengwa ndani ya bonde hilo hilo la Jangwani, na picha za mabasi mapya yakiwa yamezama hadi kwenye viti tumeziona sote. Waliojenga karakana ile hawakuwa wajinga. Walikuwa wahandisi wenye vyeti. Mto haukuviomba vyeti vyao.

Na hapa ndugu msomaji ndipo jambo hili linaponigusa zaidi. Baada ya yale mafuriko ya 2011, Serikali iliwaambia wakazi wa bonde kwamba pale si mahali pa binadamu kuishi. Wakapelekwa Mabwepande. Nanyi mnajua Mabwepande iko wapi: iko jirani na Bunju, huko huko ambako leo tunabishana kama ni karibu au mbali kwa mpenzi wa mpira. Wakapewa viwanja na mahema. Wengi walikuwa vibarua, wauza samaki, mafundi cherehani, wachuuzi wa Kariakoo, watu ambao riziki yao ilikuwa umbali wa kutembea. Kutoka Mabwepande, nauli ilikula faida yote. Wengine walivumilia wakajenga, na leo wana makazi yao mazuri. Wengine walirudi bondeni, tukawaita wakaidi. Desemba 2015 zikaja tingatinga, nyumba zikabomolewa, watu wakalala nje na vyombo vyao. Na katika mradi mkubwa wa sasa wa kuendeleza bonde, kaya nyingine nyingi zimethaminiwa, zikalipwa na kutakiwa kuondoka, baadhi zikiridhika na baadhi zikilalamika kwamba fedha haitoshi kununua hata kiwanja cha kuanzia maisha.

Nimelipita bonde lile kwa miguu kutoka upande wa Kigogo mara kadhaa kwa ajili ya kazi. Utaona misingi ya nyumba iliyobaki, mti wa mwembe uliokuwa uani kwa mtu, kizingiti cha mlango kisicho na nyumba. Mtu aliyeishi ndani ya kizingiti kile aliambiwa kwa mamlaka yote ya dola kwamba hapa ni njia ya maji. Alikuwa na hoja ile ile ya klabu: hapa ni karibu na mji, hapa ndipo riziki yangu, huko mnakonipeleka ni mbali. Akajibiwa kwamba maji hayasikilizi hoja. Sasa akisimama barabarani akaona bango lenye picha ya uwanja unaong'aa mahali pale pale, atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama maji yamebadili tabia au ni sisi tuliobadili kipimo.

Jibu linaweza kuwapo, na haki ni kulieleza. Mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake wa dola milioni 200 mwaka 2022, huku Uholanzi na Hispania zikichangia pia, haukusudii kuliacha bonde lote kuwa pori. Wataalamu walipanga kuchimba na kupanua njia ya mto katikati, kujenga daraja jipya refu na la juu zaidi pale Jangwani, kuihamisha karakana ya mabasi, na kufanya sehemu kubwa kuwa bustani ya jiji ambayo wakati wa kiangazi watu watapumzika na watoto watacheza, na wakati wa mafuriko maji yatalala bila kumdhuru mtu. Udongo unaochimbwa katikati unaweza kutumiwa kunyanyua kingo, na kwenye kingo zilizonyanyuliwa ujenzi ukaruhusiwa. Kwa maneno mengine, unachimba hapa ili ujaze pale, tangi linabaki na ujazo ule ule au kuzidi.

Hilo ndilo linalobadilisha mjadala. Kama uwanja wa Yanga umo ndani ya hesabu hiyo, yaani kila toroli la kifusi linalowekwa lina toroli mwenzake lililochimbwa, basi hoja ya mafuriko inapungua nguvu sana. Kama uwanja unaongezwa juu ya hesabu iliyokwisha kufungwa, basi mtu mwingine atalipa tofauti, naye hatakuwa kwenye jukwaa la watu mashuhuri. Michoro mizuri ya rangi inayozunguka mitaani haionyeshi jambo hili. Inaonyesha taa, paa na viti vya kijani na njano. Ninachotaka kuona ni karatasi moja isiyopendeza, yenye namba: usawa wa sakafu, usawa wa mafuriko ya 2011 mahali hapo, ujazo wa kifusi na ujazo wa udongo utakaochimbwa.

Ipo pia njia ya nguzo. Jukwaa linaweza kusimama juu ya nguzo ndefu, chini kukabaki wazi, magari yakaegeshwa siku za kawaida na maji yakapita siku za mvua. Kwa udongo wa Jangwani, ambao ni mchanga na tope lililoletwa na mto, nguzo itabidi zichimbiwe chini sana kutafuta pagumu, na gharama itapanda. Tena zile fremu za maduka nilizozitaja, ambazo ndizo zenye faida, haziwezi kuwekwa chini kwenye njia ya maji. Zitapanda ghorofani. Mwekezaji hatapenda kusikia hivyo, lakini ajue kwamba tofauti ya gharama kati ya nguzo na kifusi ndiyo bei halisi ya kujenga bondeni. Akikwepa kuilipa yeye, itakuwa imelipwa na watu wa Kigogo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC kabla ya ujenzi. Mita 60 ndizo zilizotumika kuwabomolea watu mwaka 2015, zikipimwa kwa utepe mchana kweupe na alama ya X nyekundu ikipigwa ukutani. Utepe ule bado upo. Siombi ufupishwe kwa klabu wala urefushwe kwa sababu ya chuki za utani wa jadi.

Mimi binafsi, kama nilivyosema redioni, natamani uwanja ujengwe mjini. Mji ambao burudani zake zote zimehamishiwa kilomita 30 nje unabaki kuwa ghala la mizigo, na Kariakoo imekaribia huko. Tumekwisha kupoteza majumba ya sinema, na viwanja vingi vya wazi vimegeuka maghala na maegesho. Jangwani yenyewe ilikuwa uwanja wa wananchi: Agosti 2015 CCM na Ukawa walizindulia hapo kampeni zao kwa kupokezana ndani ya juma moja, watu wakafurika kwa miguu kutoka pande zote za jiji. Mahali pa namna hiyo hapatengenezwi kwa kukata nyasi Bunju.

Lakini natamani pia kwamba safari hii watu wa bondeni waulizwe kabla na si baada. Tathmini ya mazingira inatakiwa kusikiliza maoni ya wananchi, na mara nyingi usikilizaji huo hufanyika kwenye ukumbi wa hoteli, siku ya kazi, kwa makabrasha ya Kiingereza na soda. Ifanyike Jumapili, kwa Kiswahili, na mchoro ubandikwe ukutani kwenye ofisi za kata za Jangwani, Kigogo, Hananasif na Mchikichini kwa muda wa mwezi mzima. Ubandikwe kabla ya masika. Wazee wa pale hawahitaji kompyuta kuusoma. Wanajua maji ya 2011 yalifika dirisha lipi la nyumba ipi, na wakipewa kalamu wataweza kuchora mstari wenyewe juu ya picha ya uwanja. Mhandisi wa klabu, yule wa mradi wa bonde na yule wa Jiji wawepo wote watatu, wautazame mstari huo, ndipo watuambie majukwaa yanaanzia juu yake kwa mita ngapi.